Waliomwitikia Mwimbaji

Don Helms alipenda kusimulia kisa cha virungu. Ilikuwa Alabama, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, naye alikuwa kijana ambaye hajafikisha hata miaka 20. Mwimbaji Hank Williams, aliyemzidi kwa miaka michache tu, alikuwa akikusanya bendi ya kuzunguka nayo kwenye vilabu vya dansi. Alipowapata vijana aliowataka, aliwapeleka kwenye duka la rehani, akamnunulia kila mmoja kirungu kifupi cha ngozi chenye kipande cha risasi ndani, akawaambia kwamba kama wanataka kupiga muziki naye, vitu hivyo watavihitaji. Na kweli walivihitaji. Watu waliingia klabuni na kiu ya wiki nzima, na ugomvi ukizuka haukuchagua nani mcheza dansi na nani mwanamuziki.

Nimeanzia kwenye duka la rehani kwa sababu anayelisikia gitaa la Helms kwa mara ya kwanza hudhani limetoka mahali patulivu. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo. Nililisikia utotoni kwenye redio ya mjomba wangu, ile ambayo betri zake tulizianika juani mchana kutwa ili jioni zipate nguvu kidogo. Kabla mwimbaji hajafungua kinywa, ilitangulia sauti nyembamba, ya juu, kama ya mwanamke anayeomboleza chumba cha pili akijizuia asisikike. Nilimuuliza mjomba ni nani huyo anayeimba bila maneno. Alisema ni gitaa, gitaa la chuma. Sikumwamini, na ilinichukua miaka mingi kumwelewa.

Jina lenyewe huwapoteza watu. Chuma kinachotajwa katika jina la gitaa la chuma si mwili wa gitaa, ni kipande cha chuma cha pua ambacho mpigaji hukishika kwa mkono wa kushoto na kukitelezesha juu ya nyuzi. Gitaa hulazwa chali, mapajani au juu ya miguu yake lenyewe kama meza ndogo. Vidole vya mkono wa kulia huvishwa kucha za chuma, na dole gumba kucha ya plastiki. Gitaa la kawaida hupanda kwa hatua, kidole kikiruka kutoka kizuizi hadi kizuizi. Hili halina hatua. Kutoka noti moja hadi nyingine lina njia nzima ya kupita, na mpigaji akikosea kwa upana wa unywele, ukumbi wote unasikia. Hiyo ndiyo sababu linakaribia koo la binadamu kuliko ala nyingi za nyuzi, na ndiyo sababu pia lina wapigaji wachache.

Halikuzaliwa Alabama wala Texas. Lilitoka Hawaii, na heshima ya kulianzisha hupewa Joseph Kekuku, mzaliwa wa Lāʻie katika kisiwa cha Oahu. Inasimuliwa kwamba alikuwa akitembea kandokando ya reli na gitaa lake, akaokota kipande cha chuma, kikagusa nyuzi, akasikia kitu ambacho hakuna aliyewahi kukisikia. Kilicho na hakika zaidi ni kwamba akiwa mwanafunzi wa shule ya Kamehameha huko Honolulu, mwishoni mwa miaka ya 1880, alijichongea chuma cha kutelezesha katika karakana ya shule, akakaa akajifunza. Mwaka 1904 aliondoka visiwani na kuzunguka Marekani na Ulaya akipiga. Maonyesho makubwa ya San Francisco ya 1915 yalipoleta wanamuziki wa Hawaii mbele ya umati, Wamarekani walipagawa. Vikundi vya Kihawaii vikawa vinapita hadi vijiji vya ndani, vikipiga ndani ya mahema.

Upande mwingine walikuwapo Wamarekani weusi wa Kusini, waliokuwa wakitelezesha visu na shingo za chupa kwenye magitaa yao. Mwaka 1923 Sylvester Weaver, mpiga gitaa mweusi wa Louisville, alirekodi kipande alichokiita "Guitar Rag". Miaka 13 baadaye kijana mweupe wa Texas, Leon McAuliffe, alirekodi na bendi ya Bob Wills kipande kilichoitwa "Steel Guitar Rag", na kipande hicho kikawa wimbo wa taifa wa wapigaji wa gitaa la chuma. Ukivisikiliza vyote viwili utajua mtoto kafanana na nani. Wengi hukumbuka jina la McAuliffe, na anastahili, lakini deni ni deni.

Jimmie Rodgers, anayeitwa baba wa muziki wa kantri, alirekodi baadhi ya nyimbo zake na wapigaji wa Hawaii. Mmoja wao ni Joe Kaipo, mwaka 1929. Msomaji wa Kenya ana sababu ya kusimama kidogo kwenye jina la Rodgers. Santuri zake zilifika hadi kwa Wakipsigis, na Hugh Tracey alipopita huko mwaka 1950 na mitambo yake ya kurekodi, alikuta wasichana wakiimba kuhusu "Chemirocha": jina la Rodgers lililopita katika ndimi za Kikalenjin, likawa kiumbe nusu mtu nusu swala. Mtu wa reli wa Mississippi, aliyefariki 1933, alikuwa anachezwa ngoma katika vilima vya Bonde la Ufa.

Bado sauti ilikuwa ndogo. Katika ukumbi wa dansi wenye mamia ya watu, gitaa lililolala mapajani halikufika hata safu ya pili. Umeme ndio uliolipa sauti. Kampuni ya Rickenbacker ilileta gitaa la chuma la umeme lililofanana na kikaango cha mpini mrefu mwanzoni mwa miaka ya 1930, na watu walilibandika jina hilohilo, kikaango. Mapema 1935 Bob Dunn, wa bendi ya Milton Brown kutoka Fort Worth, alirekodi Chicago akiwa ameunganisha gitaa lake na umeme, wa kwanza kufanya hivyo katika santuri za kantri. Alipiga kwa kukatakata, kama mtu anayepuliza tromboni. Mwaka huohuo McAuliffe, mwenye umri wa miaka 18, aliingia kwa Bob Wills. Wills hakuwa mwimbaji wa kujifungia kwenye sauti yake. Katikati ya wimbo alimwita Leon kwa jina, kwa ukelele, amwachie nafasi. Wasikilizaji wa redio ambao hawakuwahi kuuona uso wa kijana huyo walilijua jina lake kama la jirani. Ninaihesabu desturi hiyo kuwa ya haki.

Kazi ya gitaa la chuma katika bendi ya kantri ni kuitikia. Mwimbaji akimaliza mstari huvuta pumzi, na katika pumzi hiyo, sekunde mbili au tatu, mpigaji husema neno lake na kunyamaza kabla mstari mwingine haujaanza. Akizidisha, amemkata mwenzake kauli. Akichelewa, pengo limebaki wazi. Aliyekulia kwenye taarabu hahitaji kufundishwa jambo hili. Ameshasikia fidla ikimfuata mwimbaji na kumjibu. Kwa mpiga gitaa la chuma, ustadi wote uko katika kumsikiliza mtu mwingine kila usiku, wimbo uleule, kana kwamba hajausikia kamwe.

Kwa Hank Williams, mtu huyo alikuwa Helms. Hank aliingia Grand Ole Opry Juni 1949, akaunda upya bendi yake, Drifting Cowboys: Jerry Rivers kwenye fidla, Bob McNett kwenye gitaa, Hillous Butrum kwenye besi, na Helms akarudi na gitaa lake la Gibson lenye shingo mbili. Fred Rose, aliyesimamia rekodi za Hank, alimtaka Helms akae juu, kwenye nyuzi nyembamba, amwachie mwimbaji uwanja wa chini. Ushauri huo ulikuwa na akili ya kiufundi, maana redio za wakati ule na mashine za santuri za klabuni zilimeza sauti za chini, lakini ule mlio wa juu ulipenya kelele za chupa na viti. Ndio mlio ulionifikia mimi kupitia betri zilizochoka.

Opry kilikuwa kipindi cha Jumamosi usiku kutoka Nashville, kikirushwa na redio WSM kwa nguvu ya wati 50,000, na mbingu zikiwa safi kilisikika majimbo mengi. Kilileta jina, lakini fedha zilipatikana barabarani. Kwa hiyo wanamuziki walitoka Nashville onyesho likiisha, wakapiga mji baada ya mji wiki nzima, kisha wakakimbizana na saa ili Jumamosi iwakute wamerudi. Barabara kuu za kasi hazikuwapo. Sheria iliyozianzisha ilipitishwa 1956. Watu watano au sita walibanana ndani ya gari moja, besi imefungwa kwenye paa, amplifaya na gitaa la chuma vimesongwa nyuma, wakipokezana usukani usiku kucha. Wakifika, kabla ya chakula, nyuzi zililazimika kuwekwa sawa upya, maana chuma kilichosafiri kwenye baridi hupoteza sauti kikiingia ukumbini penye joto la watu. Halafu suti, taa, tabasamu.

Tarehe 23 Septemba 1952 waliingia studio Nashville na kurekodi nyimbo nne. Moja ilikuwa "Your Cheatin' Heart". Gitaa la Helms ndilo linaloufungua wimbo huo, na wengi tunaoupenda tunaumaliza moyoni mara tu tunaposikia noti zile za kwanza. Ilikuwa mara ya mwisho kwa Hank kurekodi. Siku ya Mwaka Mpya, 1953, alitakiwa kutumbuiza Canton, Ohio. Helms alikuwa miongoni mwa wanamuziki waliotangulia kufika, wakimsubiri mwimbaji wao katika mji uliojaa theluji. Hank alikuwa nyuma ya gari la Cadillac, amefunikwa blanketi, na dereva aliposimama Oak Hill, West Virginia, aligundua kwamba abiria wake amekwisha kufa. Alikuwa na miaka 29. Ukumbini Canton habari zilitangazwa, na wanamuziki wakiwa nyuma ya pazia waliimba "I Saw the Light". Halafu onyesho likaendelea, maana watu walikuwa wamelipa.

Nimejaribu mara nyingi kuufikiria usiku ule kwa upande wa Helms. Mwitikiaji hubaki na nusu ya mazungumzo.

Wiki chache kabla ya mwaka huo kwisha, kifaa chenyewe kilibadilika. Gitaa la chuma lilikuwa na kikwazo kimoja cha tangu zamani: kipande cha chuma kimenyooka, kwa hiyo mpigaji hupata tu mchanganyiko wa sauti ambao nyuzi zimewekewa. Akitaka mchanganyiko mwingine anahitaji shingo nyingine yenye nyuzi zilizowekwa vingine, na ndiyo maana magitaa yalifika shingo mbili, tatu, hata nne. Mafundi walikuwa wamejaribu kufunga pedali za kuvuta nyuzi ili kubadilisha sauti zake. Paul Bigsby, fundi wa California aliyewahi kushughulika na pikipiki, alimtengenezea mpigaji Speedy West gitaa la namna hiyo mwaka 1948. Lakini pedali ilitumika zaidi kuhama: unakanyaga, kisha unapiga.

Bud Isaacs alikanyaga nyuzi zikiwa bado zinalia. Ilikuwa mwishoni mwa 1953, Webb Pierce akirekodi "Slowly". Nyuzi mbili zilipanda ndani ya mchanganyiko huku nyingine zikibaki palepale, kama mtu anayekunja uso katikati ya sentensi. Wimbo ulikaa namba moja kwa wiki 17 mwaka 1954. Wapigaji wa gitaa la chuma nchi nzima waliusikia redioni na kuelewa kwamba vyombo walivyonavyo vimezeeka usiku mmoja. Si kipande cha chuma kilichokuwa kinateleza. Ilikuwa kitu kingine, na kilitoka mguuni.

Matokeo yake yalionekana hata kwa macho. McAuliffe alipiga akiwa amesimama mbele, gitaa juu ya miguu mirefu, akitabasamu na umati. Pedali ziliwaketisha wenzake. Mguu wa kushoto uko kwenye pedali za nyuzi, wa kulia kwenye pedali ya kuongeza na kupunguza sauti, na baadaye magoti nayo yakapewa nyenzo zake za kusukuma kulia na kushoto. Mtu anayefanya kazi kwa viungo vinne na magoti mawili hawezi kuchangamkia umati. Akakaa pembeni kidogo, kichwa kimeinama, kama fundi cherehani. Picha za bendi za miaka ya 1960 nyingi ziko hivyo: wengine wamesimama na kutazama kamera, yeye anatazama mikono yake.

Na hakuna aliyeinamia mikono yake kwa kishindo zaidi kuliko Buddy Emmons. Alizaliwa Mishawaka, Indiana, mwaka 1937, akaanza gitaa la mapajani akiwa na miaka 11, akasomea katika chuo cha muziki wa Kihawaii mjini South Bend, mbali kabisa na bahari yoyote. Mwaka 1955, akiwa na miaka 18, aliingia bendi ya Little Jimmy Dickens, iliyosifika kwa kupiga haraka na kwa magitaa yanayokimbizana. Barabarani ndiko alikomaliza masomo. Huku akizunguka, alishirikiana na Shot Jackson, mpigaji mwingine wa bendi za Nashville, kutengeneza magitaa yaliyopewa jina la Sho-Bud, kutokana na Shot na Buddy. Magitaa mengi ya pedali unayoyasikia katika santuri za miaka iliyofuata yametoka kwenye mikono hiyo au ya wanafunzi wake. Mwaka 1963 Emmons alijitenga na kuanzisha magitaa yenye jina lake mwenyewe.

Jambo lake kubwa ni dogo kwa kulitaja. Katika "Slowly", pedali moja ilipandisha nyuzi mbili kwa pamoja. Emmons aliitenganisha: uzi huu pedali yake, uzi ule pedali yake. Kwa hiyo mguu ukiweza kulala kidogo upande, mpigaji anapata sauti moja, au nyingine, au zote, au moja inayomfuata mwenzake kwa kuchelewa. Jimmy Day, mzaliwa wa Alabama aliyepikwa katika kipindi cha Louisiana Hayride huko Shreveport, aliufuata utaratibu huo lakini akazipanga pedali kwa mfuatano wa kinyume, jinsi mguu wake ulivyopenda. Wote wawili wamefariki, Day mwaka 1999 na Emmons mwaka 2015. Hadi leo anayeagiza gitaa jipya la pedali huulizwa swali moja kabla ya mengine: kwa mpango wa Emmons au wa Day? Naona hiyo ni kumbukumbu bora kuliko sanamu. Miguu ya watu wawili imegawanya ulimwengu mzima wa ala moja.

Emmons alipita bendi ya Ernest Tubb, kisha mwaka 1962 akahamia kwa Ray Price. Kiti chake kwa Tubb kikachukuliwa na Buddy Charleton, aliyekaa nacho hadi 1973. Tubb, kama Bob Wills, alikuwa na adabu ya kuwataja wapigaji wake kwa majina kabla hawajapiga, hata ndani ya santuri. Alikuwa na basi wakati huo, vitanda ndani, na safari zisizokwisha. Gitaa la shingo mbili likiwa ndani ya sanduku lake lina uzito wa zaidi ya kilo 30, na mpigaji mwenyewe ndiye aliyelibeba kupanda ngazi za nyuma za kumbi, akalifungua vipande, akafunga miguu, akaunganisha vyuma vya pedali kimoja kimoja huku mpiga fidla ameshamaliza sigara yake. Usiku wa manane akavifungua tena. Charleton alipoacha njia alirudi Virginia kufundisha, na wanafunzi wake wametapakaa kwenye bendi nyingi.

Kuna aliyekataa mambo haya yote. Jerry Byrd wa Lima, Ohio, alimwona Mhawaii akipiga ndani ya hema la maonyesho alipokuwa mvulana, na penzi hilo halikumtoka. Yeye ndiye aliyepiga kwenye "Lovesick Blues" ya Hank Williams mwaka 1948 na "I'm So Lonesome I Could Cry" mwaka uliofuata. Pedali zilipokuja na kila mtu akakimbilia kwa fundi, Byrd alibaki na mkono wake mtupu na chuma chake. Kazi zikapungua. Mwaka 1972 alihamia Hawaii, akaanza kuwafundisha vijana wa visiwani ufundi ambao babu zao walikuwa wameutuma ng'ambo, na aliendelea hadi uzeeni; alifariki Honolulu mwaka 2005. Wapigaji wenyewe, walipoanzisha jumba lao la heshima mwaka 1978, jina la kwanza waliloliandika lilikuwa lake. Hata waliokanyaga pedali maisha yao yote walijua nani alikuwa na sauti safi kuliko wote.

Pigo kwa ala hii lilitoka nyumbani. Rock and roll ilipowachukua vijana katikati ya miaka ya 1950, wakubwa wa Nashville waliamua kuisafisha kantri: fidla na gitaa la chuma nje, vayolini nyingi na kwaya laini ndani. Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua sauti hiyo kwa jina moja, Jim Reeves. Katika "He'll Have to Go" ya 1959 utamsikia akijibiwa na piano na vibrafoni. Ilhali Reeves huyohuyo, siku zake za Shreveport, alipiga na Jimmy Day pembeni yake. Nampenda Reeves kama tulivyompenda wote, redio ya mjomba haikuacha kumcheza, lakini sasa kila nikimsikiliza nasikia kiti kitupu.

Waliokataa kuliondoa walikuwa watu wa vilabu, hasa California, mji wa Bakersfield, ambako wahamiaji kutoka Oklahoma na Texas walitaka muziki wenye makali. Buck Owens alimchukua Tom Brumley mwishoni mwa 1963. Mwaka uliofuata ukatoka "Together Again", na katikati ya wimbo Brumley alipewa nafasi ya peke yake, noti chache, polepole. Wapo wanamuziki wa rock walioacha shughuli zao kwenda kutafuta gitaa la pedali baada ya kuusikia. Machi 1966 bendi hiyo ilipiga Carnegie Hall, New York, na Brumley yuko ndani ya rekodi ya onyesho hilo. Merle Haggard naye alimpata Norm Hamlet mwaka 1967, na Hamlet hakuondoka. Haggard alifariki Aprili 2016, na hadi hapo Hamlet alikuwa bado kwenye kiti chake, karibu miaka 49, akiongoza bendi.

Kiti hicho hakikuwa cha wanaume peke yao, ingawa ukitazama picha utadhani hivyo. Barbara Mandrell alikuwa mpiga gitaa la chuma kabla ulimwengu haujamjua kama mwimbaji. Akiwa na miaka 11 alipiga Las Vegas. Mwaka 1962, ana miaka 13, alizunguka katika ziara ya Johnny Cash aliyokuwamo Patsy Cline, na Cline ndiye aliyemtunza njiani na kulala naye chumba kimoja. Nalifikiria lile gitaa zito, na msichana ambaye miguu yake ndiyo kwanza inazifikia pedali.

Wengine njia iliwashinda mapema. Lloyd Green, kijana wa Mobile, alizunguka na bendi kadhaa miaka ya 1950, akachoka na umaskini wake, akawa anauza viatu Nashville. Mteja mmoja alipojua kazi yake ya zamani alimlipia ada ya kadi ya chama cha wanamuziki ili arudi kupiga. Mteja huyo alikuwa mjane wa Fred Rose, yuleyule aliyemwambia Helms akae juu. Green alirudi, lakini studio, si barabarani, na akawa mmoja wa waliopiga katika rekodi nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu.

John Hughey alisoma shule moja Arkansas na mvulana aliyeitwa Harold Jenkins. Jenkins alipogeuka kuwa mwimbaji kwa jina la Conway Twitty, alimwita mwenzake wa zamani, na kuanzia 1968 wakakaa pamoja miaka 20. Hughey alikuwa na namna ya kupanda hadi mwisho kabisa wa nyuzi, mahali ambapo nafasi kati ya noti ni nyembamba kama uzi wenyewe, na kulia huko bila kutetereka. Miaka ya 1980 ilipokaribia kwisha, mtindo ukawa umegeuka na wawili hao wakaachana. Angeweza kubaki nyumbani. Mwaka 1991 Vince Gill alitoa "Look at Us", na ule mlio wa juu kabisa unaoingia mwanzoni ni wa Hughey, mtu wa karibu miaka 60, anayelia kwa nguvu kuliko alipokuwa kijana.

Mlio huo ulishavuka bahari kabla ya hapo. Mwaka 1982 King Sunny Adé wa Nigeria alitoa albamu ya muziki wa juju ambamo Demola Adepoju anapiga gitaa la pedali, na ukisikiliza "Ja Funmi" utasikia Lagos ikiitikiwa na kitu kilichoanzia kwenye karakana ya shule Honolulu. Jumba la heshima la muziki wa kantri lenyewe lilichelewa. Pete Drake, aliyepiga na Bob Dylan na George Harrison na nusu ya Nashville, alifariki 1988. Alichaguliwa kuingia mwaka 2021, wa kwanza aliyejulikana kwa gitaa la chuma. Waimbaji walioitikiwa walikuwa wameshajaza kuta.

Nimemwacha Ralph Mooney mwisho kwa makusudi. Alizaliwa Oklahoma mwaka 1928, akakulia kwenye vilabu vya California. Wakati mmoja mke wake alimwacha kwa sababu ya pombe, na katika upweke huo Mooney akatunga wimbo, "Crazy Arms". Yeye hakuwa mwimbaji. Wimbo ukasafiri bila yeye hadi kwa Ray Price, aliyeurekodi mwaka 1956, Jimmy Day akiwa kwenye gitaa la chuma, ukakaa namba moja wiki 20. Mpiga gitaa la chuma mmoja ametunga maumivu yake, mwingine ameyajibu, na katikati yao mtu wa tatu ameyaimba. Mke alirudi. Mooney akaendelea na kazi: Wynn Stewart, kisha Merle Haggard wa siku za mwanzo, kisha kuanzia 1970 Waylon Jennings, miaka 20 hivi ya mabasi na kumbi. Mlio wake ulirukaruka, mkali, kama maji yanayodondokea bati, na Waylon alimwita Moon.

Mwaka 2010 Marty Stuart alitoa albamu iliyorekodiwa katika Studio B ya Nashville, chumba cha zamani ambacho wengi wa watu hawa walipita. Alimwita Mooney aje. Alikuwa amevuka miaka 80. Wakapiga "Crazy Arms", na safari hii hakuna aliyeimba. Mooney anaanza mstari wa kwanza kwa chuma chake, anaumaliza, na pale ambapo kwa miaka zaidi ya 50 mtu mwingine angevuta pumzi ili yeye ajibu, anaendelea yeye mwenyewe. Alifariki Machi mwaka uliofuata, nyumbani kwake Texas.